Siti wa Unguja afika Matrah: bibi asikia maneno, mjukuu asikia besi

Albamu ya kwanza ya Siti Muharam, Siti of Unguja, ilitoka mwaka 2020, na mpaka leo ukiipiga mbele ya watu wa Matrah wenye asili ya Unguja hupati jawabu moja. Wakubwa watakwambia nyimbo ni nzuri, ila zimeharibiwa. Vijana watakwambia hii ndiyo taarab ya kwanza waliyoweza kuisikiliza mpaka mwisho. Na sisi wa katikati, tuliozaliwa huku lakini tukalelewa kwa Kiswahili, tunabaki kuitwa tutafsiri.

Siti Muharam ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule aliyesafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na jina lake likajaa pwani nzima. Nyimbo za albamu hii ni zile zile za bibi yake. Mohamed Issa Matona, mwanamuziki mkubwa wa Zanzibar, ndiye aliyeongoza upangaji wa muziki. Mtayarishaji ni Sam Jones na kampuni ni On the Corner ya London. (Msimchanganye na Siti Amina wa kundi la Siti and the Band, waliotoa Fusing the Roots mwaka 2018. Huyo ni mwengine, naye mzuri vile vile.) Udi umo na ngoma zimo, lakini chini yake kuna besi nzito na sauti za mitambo zinazovuma polepole. Si disko. Ni muziki wa usiku, wenye kiza kidogo.

Basi hiyo mivumo ndiyo inayowakera wakubwa. Wanauliza ni ya nini. Wanasema sauti ya binti ni tamu, wangemwacha na fidla, udi na dumbaki, ikatosha.

Nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao. Mama zetu hawa hawa, harusi ikipigwa, wanacheza mpaka saa nane za usiku kwa taarab ya kinanda cha umeme, ngoma zenyewe zinatoka ndani ya kinanda, wala hakuna anayeuliza udi umekwenda wapi. Rusha roho imeshaingia majumbani tangu miaka ya 1990 na imekubaliwa. Kwa hiyo shida si umeme. Shida ni kwamba umeme umemgusa Siti binti Saad, na kwao Siti ni asili.

Lakini asili ipi? Taarab ilipoingia Unguja wakati wa Sayyid Barghash, miaka ya 1870 na 1880, ilikuwa ya Kimisri na ikiimbwa kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, nacho kilianza kwa Kiarabu. Aliyekuja kuipindua ni mwanamke kutoka shamba, Fumba, aliyezaliwa katika ukoo wa watumwa na kuitwa Mtumwa, kabla hajapewa jina la Siti. Akaimba kwa Kiswahili ndani ya nyumba za mabwana, akaingia mbele ya mashine ya kurekodi wakati wenzake wengi hawajaiona. Katika zama zake hakukuwa na kitu kipya kuliko yeye. Tunapenda kulisahau hilo, hasa sisi ambao babu zetu walikuwa upande wa waliokuwa wakiimbiwa.

Jengine: bibi mwenye miaka 80 leo alikuwa mtoto mdogo Siti alipofariki mwaka 1950. Anachokikumbuka ni santuri, na baadaye Bi Kidude akiziimba nyimbo zile. Upande mmoja wa santuri za zamani ulichukua kama dakika tatu tu, na sauti inakuja na mikwaruzo kama mtu anakaanga samaki pembeni. Tumeizoea mikwaruzo hiyo mpaka tunaiona ni sehemu ya wimbo. Nayo ilikuwa mashine pia.

Sasa vijana. Wao wanaipenda albamu hii kwa sababu ya besi. Na kuna jambo dogo ambalo limenifahamisha ugomvi wote. Bibi anaisikiliza kwenye simu, imewekwa juu ya meza karibu na birika la kahawa. Spika ya simu haitoi besi. Inatoa sauti ya muimbaji, udi, na ule mvumo unaobaki kama kelele. Mjukuu anaisikiliza kwa spika za masikioni, besi inamjaa kichwani, maneno yanapita juu kwa juu. Albamu ni moja, lakini kila mmoja kasikia nyengine. Ipigeni kwenye spika kubwa sebuleni, nyote mkiwa mmekaa, kisha mgombane.

Maneno ndiyo yenye uzito. Chukua wimbo wa Kijiti. Vijana wameuweka pamoja na nyimbo za kupigia garini kando ya bahari, kwa sababu mapigo yake yanakwenda vizuri. Kisa chake ni cha mauaji. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikuja Unguja kutembea, akachukuliwa usiku na huyo Kijiti kwenda kwenye starehe, akauliwa. Muuaji akavuka maji akatoroka. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti na wenzake wakaitungia hukumu ile wimbo, mji mzima ukauimba, na hakimu hakuwa na la kufanya.

Wimbo kama huo ukiusikia bila Kiswahili unabaki mapigo tu. Na watoto wetu wa Matrah, tuseme ukweli, Kiswahili chao ni cha kuombea chai. Skuli ni Kiarabu, dukani na kwenye simu ni Kiingereza, Kiswahili kinasubiri Ijumaa kwa bibi. Waliorudi baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia milango, walikuja nacho kizima, na sokoni hapa utawasikia watu wazima wakipatana bei kwa Kiunguja kama wako Darajani. Watoto wanafahamu nusu, na hujibu kwa Kiarabu.

Nyumbani kwetu binti wa kaka yangu, miaka 16, ndiye aliyeileta albamu hii. Ilipofika Kijiti akaongeza sauti, akaanza kutikisa bega. Mama yangu akamwambia, "Mwanangu, huyo kauliwa." Mtoto akapunguza sauti, akauliza nani kauliwa. Mama, ambaye wiki nzima alikuwa akiilaani ile mivumo, akaanza kisa tangu mwanzo, akachanganya Kiswahili na Kiarabu ili afahamike, na wimbo ukesha bado hajafika mahakamani.

"Rejesha nyuma," akasema. "Hapo panapotajwa mashahidi nitakwambia."

Akarejesha. Mivumo ikaanza tena, na safari hii hakuna aliyeisema.