Distributa mpya, pistoni namba 1

Umeachiwa Corolla KE70 ya mzee, ya kabureta, na distributa imekufa? Kuibadilisha si uchawi, ila usikimbilie spana.

Gia iwe fri, toa waya wa betri. Piga picha rota inakoelekea. Fungua plagi ya silinda namba 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha puli ya kranki taratibu. Upepo ukisukuma kidole, endelea mpaka alama za taimingi zikutane. Wengi huruka kidole hapa. Kranki huzunguka mara 2 distributa ikizunguka mara 1. Pistoni hufika juu mara 2, cheche inatakiwa mara 1 tu. Ukifunga kwenye mzunguko usio wake, gari haliwaki, linalipukia kwenye kabureta.

Sasa chomoa ya zamani, ingiza mpya, rota ielekee waya wa namba 1. Meno ya gia yamelala mshazari, hivyo rota itageuka kidogo ikizama. Panga waya kwa mpangilio wa kuwaka wa injini hiyo, rudisha plagi na betri, washa, kisha rekebisha kwa taa ya taimingi. Cheche ikichelewa, gari litachoka na kuchemsha ukipanda Ngaramtoni. Ikiwahi mno, injini itagonga.