Usimsahau Mtoto wa Darasa la Nne

Mtoto anapoanza darasa la kwanza, nyumba nzima huhangaika: sare mpya, madaftari, viatu vyeusi, na mtu wa kumshika mkono hadi getini. Akifika la saba, mahangaiko hurudi, safari hii kwa tuisheni, mitihani ya majaribio na dua za wazee. Katikati ya hapo huachwa ajiendee. Tunaridhika kwamba anasoma kwa kuwa kila asubuhi anatoka na begi na kila alasiri anarudi nalo. Kimya hicho kinatugharimu. Mwaka unaoamua kama mtoto ataielewa shule au ataipitia tu ni huu wa katikati, darasa la nne, na kwa kiasi kikubwa yatakayotokea la saba yanakuwa yameshapandwa hapo.

Tuanze na kile anachofundishwa. Tangu mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili Tanzania Bara yaliwekewa mkazo katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akivuka kuingia la tatu, masomo humfurika. Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, hukutana na Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, na Historia ya Tanzania na Maadili. Afikapo la nne, akiwa na umri wa miaka tisa au kumi, anatakiwa kuandika barua na insha fupi, kusoma habari na kujibu maswali ya ufahamu, kuzidisha na kugawanya namba kubwa, kupima urefu, uzito na ujazo, kusoma ramani, na kueleza namna magonjwa yanavyoenea na yanavyozuilika. Mwisho wa mwaka hufanya Upimaji wa Kitaifa unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, pamoja na wenzake zaidi ya milioni moja nchi nzima.

Ukiyatazama masomo hayo kwa haraka utadhani tofauti yake na ya darasa la pili ni wingi tu. Tofauti kubwa iko kwingine. Darasa la kwanza na la pili, kusoma ndiko kunakofundishwa. Darasa la nne, kusoma kunachukuliwa kuwa tayari kupo, na kila somo linakutegemea. Kitabu cha Sayansi hakimngoji mtoto ajue kusoma, kinamtaka asome ili ajue Sayansi. Mtafiti wa Marekani Jeanne Chall aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu hatua za kukua kwa usomaji. Baadaye, akiwafuatilia watoto wa familia maskini nchini mwake, yeye na wenzake waligundua kwamba watoto hao walikwenda sambamba na wengine katika madarasa ya chini, kisha wakaanza kuteleza karibu na darasa la nne. Kilichowakwamisha kwanza kilikuwa maana za maneno, hasa yale ya kitaalamu na yasiyosikika nyumbani.

Kwetu mabadiliko haya yana hatari ya pekee, nayo inatokana na uzuri wa lugha yetu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyezishika vizuri silabi, kuanzia ba, be, bi, bo, bu hadi ng'a na nywa, anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima wa kitabu ambacho hakielewi. Sauti haitetereki, kwa hiyo mwalimu anaridhika na mzazi anajivuna. Hebu tuchukue habari fupi: mkulima alipanda mahindi mapema, mvua za masika zikachelewa, mahindi yakanyauka, na familia yake ikauza mbuzi wawili ili inunue unga. Mwulize mtoto mkulima alipanda nini, atakujibu bila kusita. Mwulize kwa nini mbuzi waliuzwa, na hapo ndipo watoto wanapoachana njia. Mmoja ataunganisha mvua, mahindi, njaa na mbuzi. Mwingine ataitafuta sentensi yenye neno "mbuzi" na kuinakili kama ilivyo. Wote wawili wamesoma kwa sauti ileile nzuri, ila ni mmoja tu aliyeelewa.

Hisabati nayo ina mtego wa aina hiyo, na mfano wa karibu ni saa ya ukutani. Asubuhi tunapoanza kazi tunasema ni saa moja, lakini mshale mfupi umeelekea 7. Katika kipindi cha Kiingereza mtoto huyohuyo atatakiwa aseme saba. Wengi hufundishwa njia ya mkato: tazama namba iliyo mkabala na mshale mfupi. Njia hiyo ni sahihi, na mtoto atapata alama zake. Ila aliyeambiwa sababu amepata zaidi. Anajua kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwamba tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita, na kwamba sita ni nusu ya kumi na mbili, ndiyo maana namba zinakaa mkabala. Akiisahau njia ya mkato, ataitengeneza upya mwenyewe. Sehemu ni vivyo hivyo. Ukiuliza ipi kubwa kati ya robo na theluthi, wako watakaojibu robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Chapati mbili zinatosha kumaliza ubishi huo: moja ikatwe vipande vinne vilivyo sawa, nyingine vitatu, kisha mtoto achague kipande anachotaka. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na anayeiona kwa macho yake hahitaji kuikariri.

Kwamba watoto wengi hufika katikati ya elimu ya msingi bila kuelewa wanachosoma si dhana tu. Utafiti wa Uwezo, uliowapima watoto majumbani nchini Tanzania, ulionyesha katika awamu yake ya kwanza ya mwaka 2010 kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Miaka imepita, na msisitizo wa KKK ulikuja baada ya mshtuko huo. Hata hivyo tusisahau kwamba kwa watoto wengi wa vijijini, Kiswahili wanachosomea si lugha waliyonyonya na maziwa ya mama. Mtoto aliyekulia katika Kisukuma, Kiha au Kimaasai hukutana na "ujazo", "mazingira" na "kinga" kwa mara ya kwanza kitabuni. Asipofafanuliwa maneno hayo sasa, atayabeba kama mizigo iliyofungwa hadi sekondari, ambako masomo yatageuka tena kuwa kwa Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba tatizo lote liko chini: imarisha darasa la kwanza na la pili, mengine yatajipa. Ni kweli kwamba nyumba haisimami bila msingi. Lakini msingi haujawahi kumkinga mtu na mvua. Mtoto anayesoma silabi vizuri hajafundishwa bado namna ya kutafuta wazo kuu, kupambanua sababu na matokeo, au kukisia maana ya neno geni kutokana na maneno yanayolizunguka. Stadi hizo hufundishwa na mwalimu, kwa makusudi, na mahali pake ni darasa la tatu na la nne.

Wengine watasema upimaji wa mwisho wa mwaka unatosha kuhakikisha watoto wanasoma kwa bidii. Hoja hii ina historia ndefu. Enzi za utawala wa Waingereza, watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kusoma waliishia darasa la nne, na mtihani wa darasa hilo ulikuwa chujio la kuchagua wachache wa kuendelea na shule ya kati. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alipinga fikra ya kuifanya shule ya msingi kuwa ngazi ya kuwapandisha wachache tu. Upimaji wa leo hauna budi kufanya kazi tofauti na chujio lile: kumwonyesha mwalimu nani hajaelewa nini, ili amsaidie. Ukigeuzwa chujio, mwaka mzima utaishia katika maswali ya miaka iliyopita na majibu ya kumeza. Lugha yetu yenyewe inatutahadharisha. Neno "kukariri" tunalitumia kwa kushika maneno bila kuyaelewa, na tunalitumia pia kwa kurudia darasa. Mambo hayo mawili ni jirani kuliko tunavyodhani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la msongamano. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini zipo shule, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ambazo chumba kimoja kina watoto zaidi ya mara mbili ya hao. Mwalimu huyo hawezi kumsikiliza kila mtoto kila siku, na kumlaumu ni kumwonea. Anachoweza ni kubadilisha swali. Kuuliza "kwa nini" mahali pa "nini" hakuhitaji fedha. Kuwaweka watoto wawili wawili wasimuliane walichosoma hakuhitaji chumba kipya. Na mkuu wa shule anayepanga walimu wake hodari wote la saba anaweza kumrudisha mmoja darasa la nne.

Mzazi naye asijitoe kwa kisingizio kwamba hakusoma sana. Kumsaidia mtoto aelewe hakuhitaji cheti. Mwambie akusimulie kwa maneno yake mwenyewe alichosoma leo, katika lugha yoyote ya nyumbani. Mpe fedha za kununua sukari na mafuta, akokotoe chenji kabla hajatoka. Mwulize mshale uko wapi na kwa nini tunaiita saa moja. Akishindwa kueleza, usimgombeze. Andika alichoshindwa, kesho umpelekee mwalimu wake.

Haja ya kufanya hivyo sasa inaongezeka. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Kuanzia hapo mtoto anayetoka la nne atabakiwa na miaka miwili tu kabla ya sekondari, na hakutakuwa tena na la saba la kufidia yaliyopotea. Mwenye mtoto wa darasa la nne amkalishe leo jioni, ampe kitabu, asikilize anavyosoma, kisha amwulize swali moja: umeelewa nini?