Simile, Wapita Njia wa Karura

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka kijijini, akauone msitu wa Karura hapa Nairobi. Nilimwambia kwamba njia za huko ni nyepesi hata kwa mtu wa umri wake, na katika hilo sikumdanganya. Vijia vimefyekwa, miinuko si mikali, na njia zinapokutana pamesimikwa nguzo zenye nambari ili mgeni asipotee. Tuliteremka polepole hadi penye maporomoko ya maji, yenye kimo cha mita 15 hivi, kisha tukayaona mapango walimojificha wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Hapo mama alisimama muda mrefu bila kunena neno.

Kilichomsumbua kilikuwa jambo jingine. Yeye huamkia kila anayekutana naye njiani, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Wakimbiaji walimpita kimya, muziki umewajaa masikioni. Wenye mbwa waliwatazama mbwa wao. Hatimaye akaniuliza, "Mwanangu, watu hawa wamegombana na nani?"

Tulipokaribia lango, kijana mmoja mwenye baiskeli alipaza sauti nyuma yetu, kwa Kiingereza, kutuarifu kwamba angepita upande wa kulia. Mama hakijui Kiingereza. Alisikia kelele tu, akageuka kutazama, na kwa kugeuka akaingia papo hapo alipokuwa anapita kijana. Breki zililia, baiskeli ikateleza, nao wakanusurika chupuchupu.

"Pole sana, nyanya, lakini si nilikwambia?"

"Uliniambia nini, mjukuu wangu?"

Kijana hakuwa na jibu, na kwa kweli hata mimi, mwenye kazi ya kufundisha lugha, sikuwa nalo.

Ndipo nilipolikumbuka neno ambalo sisi wa bara tumelipuuza. Katika vichochoro vya Lamu na vya Mji wa Kale wa Mombasa, ambamo mtembea kwa miguu, punda na mkokoteni hugombania upana wa dhiraa chache, hamali hutoa ukelele mmoja: "Simile!" Wapo wanaolihusisha neno hili na Bismillahi. Lolote liwalo kuhusu asili yake, tutazame kazi yake. Kijana wa Karura alitangaza atakalofanya. Mwenye simile huomba apishwe, na anayeombwa hupata nafasi ya kujibanza ukutani kabla mzigo haujamfikia. Aidha, ni neno fupi, na mtoto na mkongwe hulielewa sawasawa.

Huenda msomaji akasema kwamba nalikuza jambo dogo. La hasha! Msitu huu wa hekta zipatazo 1,000 tuliurithi kwa jasho na damu. Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda langoni kupanda miti, kupinga kugawiwa watu binafsi ardhi ya umma, wakashambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kwa ajili ya msitu huo huo. Hawakuumia ili mwenye baiskeli nzuri ajione mwenye njia, na bibi kizee ajione mgeni aliyevamia.

Tulipotoka huko tulipitia bustani ya City Park, ambayo haiko mbali, kwenye barabara ya Limuru. Humo amelala Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa mwaka 1966, aliyefariki mwaka 1990. Alitaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Siku hiyo palikuwa na maharusi waliokuja kupigwa picha, na kwaya ya vijana iliyokuwa ikifanya mazoezi chini ya mti. Njia ilipita katikati yao. Kwaya ilinyamaza, ikagawanyika pande mbili, ikamwamkia mama kwa pamoja, naye akapita akitabasamu kama bibi arusi mwenyewe.

Amesema turudi Karura Jumamosi ijayo. Tangu jana amekuwa akilijaribu neno la hamali hapa sebuleni, kila mjukuu anapomzibia njia ya kwenda jikoni.