Pima Wodi kwa Zamu ya Kawaida

Muuguzi aliyetoka chuo juzi huulizwa na kila mtu, shangazi yake akiwemo: utabobea wapi? Wengi hutaja kitengo chenye mashine nyingi, au kile walichosikia kina posho nzuri. Nawaelewa. Lakini kitengo hupimwa kwa zamu yake ya kawaida, ile ambayo ukirudi nyumbani huna la kusimulia.

Chukua leba. Sehemu kubwa ya zamu ni kukaa karibu na mama, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kupima njia kila saa nne na kujaza partografu bila kuruka. Kisha, ghafla, mama anatoka damu nyingi au mtoto amezaliwa na hajalia. Anayefaa leba anavumilia kungoja bila kusinzia akili, na mambo yakienda kombo hasiti kumwamsha daktari saa tisa usiku.

Chumba cha upasuaji kina mambo yake. Mgonjwa mara nyingi amelala, hamtazungumza. Gozi na sindano huhesabiwa kwa sauti na watu wawili kabla ya kupasua, na huhesabiwa tena kabla ya kufunga. Ikipungua gozi moja, muuguzi ndiye anayemwambia bingwa asubiri, hata kama bingwa amechoka na amenuna. Mwenye haya nyingi atapata tabu hapo, na mpenda mazungumzo atanyong'onyea.

Huyo mpenda mazungumzo angeng'ara kwenye kitengo cha kusafisha damu. Mgonjwa wa figo huja mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara akikaa kama saa nne, na baada ya mwaka mmoja unawajua hadi wajukuu zake kwa majina. Siku akifariki, nawe umefiwa. Chuoni sikumbuki kuona somo hilo kwenye ratiba.

Wodi ya watoto nitaigusa tu: kama hesabu ya dawa kwa kilo inakutoa jasho, jifunze kwanza.

Sasa, utajuaje mapema? Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alichapisha kitabu kilichogawa ukuaji wa muuguzi katika hatua tano, kuanzia mgeni wa kazi hadi mbobezi. Hatua ya tatu, ya mtu anayeweza kupanga kazi yake na kujua lipi lianze, aliiweka kwa muuguzi aliyefanya kazi ya aina moja kwa miaka miwili au mitatu. Maana yake ni kwamba hofu ya miezi ya kwanza ni ya ugeni, na utaikuta wodi yoyote utakayokimbilia. Ninaowaona wakiomba kuhamishwa kila baada ya miezi mitatu huanza upya kila mara, na hawafiki mahali pa kujua kama kazi inawapenda.

Kwa Tanzania, wenye shahada wana mwaka wa mafunzo kwa vitendo wa kuzunguka idara. Uutumie kujichunguza. Kila unapotoka wodi, jiulize ni saa gani ya zamu ulikuwa unaangalia saa ya ukutani, na ni kazi gani ulifanya bila kutumwa. Milango ya kusoma zaidi ipo: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), kwa mfano, hufundisha uzamili wa afya ya akili, wa ukunga na wa wagonjwa mahututi.

Ukipangiwa zahanati ya kijijini, ambako asubuhi unachanja na jioni unazalisha, usidhani umepotea njia. Kuna watu wameumbiwa mchanganyiko huo, na bila wao vijiji visingekuwa na huduma.

Kabla ya kuandika barua ya kuomba uhamisho, nenda kwa muuguzi mfawidhi wako umwombe akuache hapo ulipo mwaka mmoja, na akupe mtu mzoefu wa kukaa naye zamu za usiku.