Maziwa Yaliyoongezwa Maji Hugunduliwaje?

Mkulima akiambiwa kituoni kuwa maziwa yake yana maji, hupoteza mapato ya siku nzima. Ni haki yake kujua kipimo kinavyofanya kazi.

Maji safi huganda kwa nyuzi sifuri za Selsiasi. Yakiwa na chumvi au sukari iliyoyeyuka ndani yake, huhitaji baridi zaidi ili yagande, na huchemka kwa joto la juu kidogo. Maziwa yana sukari na madini yake ya asili, kwa hivyo huganda yafikapo takriban nyuzi 0.54 chini ya sifuri. Lita tisa za maziwa zikichanganywa na lita moja ya maji, kiwango hicho husogea hadi karibu nyuzi 0.49 chini ya sifuri. Mkono hauwezi kuhisi tofauti hiyo, lakini mashine ya maabara huiona.

Mafuta hayayeyuki katika maji, hivyo hayabadilishi kipimo hiki. Ng'ombe wa Friesian mwenye maziwa mepesi hamponzi mwenyewe. Laktomita, kifaa kinachoelea ndani ya maziwa, huyumbishwa na mafuta. Ndiyo sababu mkulima asiyeridhika na jibu lake afadhali aombe sampuli ipelekwe maabara.

Hata maji ya kuoshea mkebe yakisalia ndani huhesabiwa. Mkebe uinamishwe ukauke kabla ya kukamua.