Kifafa Kisichosikia Dawa: Nani Apelekwe kwa Mtaalamu?

Mgonjwa wa kifafa anapozidi kushikwa ilhali anameza dawa, familia nyingi hukata tamaa. Baadhi huacha dawa kabisa. Wakaazi wa Kilifi wanahimizwa kurudi kwanza kwenye kituo cha afya walikoandikiwa dawa hizo.

Wataalamu husema kifafa ni sugu iwapo dawa mbili zinazofaa, zilizomezwa ipasavyo na kwa kipimo cha kutosha, zimeshindwa kuzuia mishtuko. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu huwa katika hali hiyo.

Uzito uko kwenye neno "zilizomezwa". Utafiti uliofanywa hapa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2012 ulipima damu na kupata kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa na dawa mwilini. Aliyeishiwa na dawa wiki mbili hawezi kusemekana kuwa dawa zimemshinda. Kwa hivyo mhudumu atauliza ni dawa gani, kiasi gani, na ni siku ngapi zilirukwa. Ajibiwe ukweli, hata kama ni wa aibu.

Kuna pia wanaoanguka kwa sababu nyingine, kama vile matatizo ya moyo au msongo wa mawazo. Daftari lenye tarehe za mishtuko, na video fupi ya simu, humsaidia sana daktari.

Dawa zikiwa zimeshindwa kweli, mgonjwa huhitaji rufaa kwa daktari wa mfumo wa neva, kipimo cha umeme wa ubongo na picha ya MRI. Wengine hufaa kufanyiwa upasuaji wa ubongo. Wasiofaa wanaweza kufikiriwa kuwekewa kichocheo cha neva, matibabu yaliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1997. Kifaa kidogo chenye betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake huzungushwa kwenye neva ya vagasi upande wa kushoto wa shingo. Hutuma umeme mdogo kila baada ya dakika chache.

Kifaa hicho ni ghali, na mara chache humaliza kifafa. Hupunguza mishtuko polepole, kwa miezi mingi, na sauti inaweza kukwaruza. Dawa huendelea kumezwa.

Wakati wa kusubiri rufaa, dawa zisikatizwe ghafla. Mshtuko ukipita dakika 5, mgonjwa akimbizwe hospitalini.