Kwa nini uchumba wa Marekani na India haufikii ndoa

MAREKANI na India hujivunia kuwa miongoni mwa mataifa makubwa zaidi ya kidemokrasia duniani. Hata hivyo, hazina mkataba unaozilazimu kulindana vitani, kama ule unaoifunga Marekani kwa Japani au kwa wanachama wa NATO.

Kiini cha hali hiyo ni historia. Baada ya uhuru wa 1947, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alikataa kuegemea upande wowote katika Vita Baridi. Marekani nayo ikaipa silaha Pakistan, hasimu wa India. Mnamo 1971, India ilitia saini mkataba wa urafiki na Muungano wa Kisovieti. Mwaka uo huo, katika vita vilivyozaa Bangladesh, Rais Richard Nixon alituma manowari katika Ghuba ya Bengal kuitia India hofu.

Ni bayana, basi, kwamba demokrasia pekee haikutosha kuzipatanisha. Kilichozisogeza karibu ni kuinuka kwa China. Mnamo 2008, zilitia saini mkataba wa nishati ya nyuklia, ingawa India haijawahi kujiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo. Mnamo 2016, zilikubaliana majeshi yao yatumie kambi za kila upande kupata mafuta na vifaa. Mapigano ya Juni 2020 katika bonde la Galwan, ambapo wanajeshi 20 wa India waliuawa, yaliongeza uzito wa ushirikiano huo.

Lakini kila upande una hesabu zake. India ilinunua mitambo ya kutungulia ndege kutoka Urusi na, baada ya Ukraine kuvamiwa mnamo 2022, ikazidisha ununuzi wa mafuta ya Urusi. Mnamo Agosti 2025, Rais Donald Trump alipandisha ushuru wa bidhaa nyingi za India hadi asilimia 50, nusu yake ikiwa adhabu kwa sababu ya mafuta hayo.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. India huona kinyume: anayeshika moja tu ndiye anayebaki mikono mitupu inapomponyoka. Maadamu inaamini hivyo, Marekani itapata mshirika dhidi ya China, wala si askari wa kuamrishwa.